Iko ku Baridi

Chumba kile cha maabara ya chuo, huku ughaibuni, sisi wasafishaji tulikiita Baridi. Wataalamu walikuwa na jina lao refu, sisi tuliulizana tu: "Leo nani anaingia Baridi?" Humo walihifadhi barafu iliyochimbwa bahari za ncha ya kusini, magogo marefu yaliyofungwa nailoni, na samaki waliogandishwa midomo wazi. Kazi yetu ilikuwa kukwangua barafu iliyoshika sakafuni.

Mkosaji wa kwanza ni profesa mwenye samaki wale. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika na alijua. Hakutaka fundi aje, maana fundi angezima mashine na barafu ingeharibika. Akatupatia kreti ya plastiki tuzuie nayo mlango, akaona ametusaidia sana. Siku moja alinionyesha samaki mweupe kama mshumaa, akasema huyu damu yake haigandi hata maji yawe baridi namna gani. Akacheka. Mimi nilikuwa nimevaa glavu za kuoshea vyombo. Zake nene zilining'inia nje ya mlango, na tulikatazwa kuzigusa.

Wa pili ni supavaiza wetu, Mkenya, mgeni pale kazini. Kiswahili chetu cha Bukavu kilikuwa kichekesho chake. "Iko, iko! Kwani mtu ni meza? Sema yuko, mama."

Jioni moja ya Desemba, mwishoni mwa miaka ya tisini, jengo likielekea kufungwa kwa Krismasi, nilikuwa ndani kabisa nyuma ya rafu. Nilimsikia kwenye korido akimuuliza mwenzangu, dada wa Uvira, niko wapi.

"Iko ku Baridi."

"Haya, wewe nenda. Huyo namjua."

Dada akaenda, akidhani nitaitwa. Kumbe yule bwana, baridi kwake ilikuwa nje, kituo cha basi. Aliamini nimetoroka kazi. Nikasikia mluzi wake unakuja, kreti ikaburutwa, mlango ukafungwa. Kisha taa ikazimika.

Nilipiga kelele, mlango mnene ukazimeza. Nikapiga ngumi mpaka sikuzisikia tena. Mashine ilinguruma tu. Nikapapasa gizani, nikashika gogo moja la barafu, nikagonga nalo mlango hadi likapasuka. Nikachukua la pili. Wale samaki walikuwa na dawa ndani ya damu yao. Mimi nilikuwa na damu ya kawaida, na watoto wawili nyumbani Peckham.

Dada hakunikuta kituoni. Akampigia supavaiza simu ya kibandani. "Si umesema mwenyewe yuko kwa baridi?" akamjibu, akakata. Ndipo dada akarudi kwa askari wa getini, Kiingereza hana, akajikumbatia mikono na kujitetemesha mbele yake mpaka yule mtu akaelewa. Wakanifungulia. Sikuweza kusimama.

Baada ya sikukuu profesa alikuja ofisini kwetu, uso mwekundu. Alitaka kujua nani amevunja barafu yake. Supavaiza naye akasema tatizo ni lugha, sisi hatuelewani wenyewe kwa wenyewe. Yakaishia hapo. Mimi ndiye niliyeachishwa kazi.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikurudi. Vipo, lakini havina habari. Juzi nilikuwa nasonga ugali, mwanangu akapiga kelele kwa Kiingereza chake. Nilikuwa nimeegemeza mkono kwenye jiko, linawaka, na mimi naendelea kumsimulia habari nyingine.