Kurasa Zilizokatwa kwa Wembe

Kabla sijanunua kitabu cha mbio za magari, rafiki yangu, hukipekua ukurasa kwa ukurasa, nikipitisha kidole kwenye mshono. Wauza vitabu vya mitumba hapa Machakos wamenizoea. Wiki jana mmoja aliniuliza, "Mama, unanishuku?" Nikacheka tu. Ningeanzia wapi kumweleza?

Nililelewa na nyanya huku mtaani Mumbuni. Jirani yetu alikuwa mtu wa pwani mwenye duka la vipuri mjini, mpole, wa maneno machache. Jioni moja nilikuwa nikichambua maharagwe uani, akanipitishia juu ya ua wa michongoma kitabu kikubwa chenye picha za magari yaliyoloa matope hadi paani, mengine yakiruka vilima kama swala. Nilisahau maharagwe. Baadaye akaleta kingine, kisha kingine. Nilivifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikavianika juani kwa kuogopa mchwa, nikavipanga sandukuni kwa ukubwa. Harufu yake, ya karatasi nzito na mafuta kidogo ya gari, niliipenda kuliko ya chapati.

Nyanya hakuvipenda. "Mtu hakupi kitu bure tu," alisema akitwanga mahindi ya kupika muthokoi, na mchi ukaanguka kwa nguvu zaidi. Ni yeye aliyegundua kwamba kila kitabu kilikosa ukurasa, umekatwa kwa wembe, taratibu, karibu na mshono. Tangu hapo nami nikaanza kumchungulia jirani. Mbona hufunga madirisha mchana? Mbona mama yake mzee hatoki nje? Mwalimu wangu, nilipomwonyesha, alitikisa kichwa, akasema mtu anayekata kitabu ana la kuficha. Nikawa navipenda vitabu na kumwogopa aliyenipa.

Jumapili moja baada ya kanisa, nyanya alinishika mkono hadi mlangoni pa jirani.

"Wewe uko na nini unaficha?" aliuliza. "Huyu ni mtoto wa watu."

"Karibuni ndani, mama," jirani alijibu.

Sebuleni, mkabala na kiti cha mama yake, ukuta ulijaa zile kurasa. Katika kila moja, kando ya dereva, alikaa kijana yuleyule mwenye ramani mapajani.

"Ni mdogo wangu," alisema polepole. "Alifia mbioni. Mama anataka kumwona kila siku, lakini picha nyingine za magari hawezi kuzitazama, hata mngurumo wa barabarani hautaki, ndiyo maana nafunga madirisha. Aliniambia vitabu nivichome. Sikuweza. Nikamwona binti huyu, gari likipita tu anakimbilia barabarani."

Nyanya alikaa bila kukaribishwa tena, karibu na yule mama mzee, wakashikana mikono. Tulipotoka alisema tu, "Hata hivyo angesema mapema." Ndivyo alivyokuwa. Alianza kuwapelekea muthokoi, lakini bakuli likirudi alilikagua kama lina ufa.

Wote wameshafariki. Nyumba zile zilibomolewa, zikajengwa fleti, na ninakaa humo sasa, rafu zikiwa zimejaa. Binti wa mlango wa pili hupenda kusimama mlangoni pangu akivitazama vitabu vyangu. Kila mara nataka kumpa kimoja, na kila mara nasita, nikiwaza mama yake atanifikiriaje.