Mkono wa Mama Ndani ya Miwani

Mama yangu aliuza vitenge katika mtaa wa Quartier Asiatique tangu mimi sijazaliwa. Ni mtu wa Uvira, mrefu, wa sauti kubwa, na hakuzoea kusaidiwa. Asubuhi moja, akiwa anafungua duka, kiharusi kikamwangusha mlangoni.

Baada ya wiki chache maneno yalimrudia, na mguu ukaanza kukanyaga. Mkono wa kulia ndio uliobaki ukining'inia. Wageni walipofika kwetu Kanyosha, aliufunika kwa kitenge na kuwasalimu kwa kichwa.

Nilimpeleka kwenye kituo cha mazoezi kilichokuwa kimepata miwani mikubwa ya kufunika macho yote. Ukiivaa, unajiona uko mahali pengine kabisa. Dada wa pale aliyekuwa akimnyoosha viungo, ambaye sote tulimwita kine, alimweleza kwamba humo ndani angeona mkono. Akijitahidi kuusogeza wake, na ule ungesogea, na ubongo ungejifunza upya.

"Apana," mama akasema. "Mi sivai ile kitu. Ni ya batoto ya kucheza."

"Jaribu kidogo tu, mama. Ukichoka tunatoa," kine akamsihi.

Alivaa ili atuonyeshe kwamba haifai. Kwenye kompyuta ya kine niliona anachokiona: jiko safi, rafu yenye matofaa, na kikapu cha kuyatia chini yake.

"Niko naona mukono," akasema taratibu. "Lakini si yangu. Yangu ni mweusi kuliko hii."

Kine akacheka, akabonyeza mahali, rangi ikabadilika.

"Ee. Sasa ni yangu."

Akaanza kujaribu kulichukua tofaa moja. Bega lilianza kutetemeka, jasho likamtoka puani, kisha kiwiko kikaachana na paja. Yeye hakukiona. Mimi nilikiona, nikapiga kelele, "Mama, umeinua!"

"Nyamaza, utaniangushia tunda!"

Usidhani alipona siku ile. Tulirudi tena na tena kwa miezi. Kuna siku mkono uligoma, naye akaugombeza kama mfanyakazi mvivu. Kine alimtaka arudie nyumbani yale ya kwenye miwani kwa vitu vya kweli, kwa hiyo mama akakataza mtu mwingine yeyote kufuta meza yetu. Alifuta akaacha maji kila upande. Hakuna aliyethubutu kufuta nyuma yake.

Siku moja tukamkuta kituoni mzee wa mtaa wa Kigobe, mtumishi wa serikali aliyestaafu, amevaa suti. Alikuwa ameivua miwani kwa hasira na kugeukia ukuta. Mama akamwendea na fimbo yake, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia. Ulipanda polepole, vidole viwili vikiwa bado vimekunjika.

"Papa, nisalimie."

"Wangu haufanyi kazi, mama."

"Hata yangu ilikuwa inakataa. Shika hii."

Mzee aliutazama mkono ule, akaushika kwa wake wa kushoto. Kisha akamwomba kine miwani.

Mama akavuta kiti, akaketi karibu naye na kuanza kumwelekeza, kwa ile sauti yake kubwa ya dukani. Mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza kama yule ni mwalimu wa pale.

"Apana," nikajibu. "Ule ni mama yangu."