Vifaranga wa Mke wa Dobi

Katika mtaa wetu hapakuwa na mtu aliyeujua uchafu kama jirani yangu dobi, wala aliyeuchukia kuliko yeye. Tulimwita Pasi. Jina hilo alilipata misheni, alikoajiriwa angali kijana kufua mashuka ya zahanati na mavazi ya altare, na alipoondoka huko akaja nalo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji na sabuni, na sikumbuki kumwona amevaa shati lenye kunyanzi hata moja. Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa: mfupi, mnene, mwepesi wa utani, na kicheko chake kilivuka ukuta kikatukuta sisi mezani tunakula. Mungu hakuwajalia mtoto. Waliishi wawili katika chumba kimoja cha kulala, sebule waliyoigeuza kuwa mahali pa kupigia pasi, na ua uliojaa kamba za kuanikia nguo.

Mfugaji alikuwa mke. Miaka nenda miaka rudi alifuga kuku nyuma ya nyumba, na miaka hiyohiyo Pasi alilalamikia nyayo zao juu ya mashuka ya watu. Basi mke alipougua, ugonjwa wa tumbo ambao madaktari walimrudisha nao nyumbani bila maneno mengi, kuku wale waligawiwa majirani, ua ukabaki safi kama Pasi alivyoutaka siku zote. Kisha, alipokwisha kuelewa kwamba kitanda kile hatakiacha tena, mama yule akaagiza vifaranga wapya.

Nilikuwepo walipoletwa. Mwenye baiskeli aliweka boksi mlangoni akaenda zake, na boksi likawa linalia.

“Wa nini hawa, mke wangu?” Pasi aliuliza. “Wewe hata kikombe hukishiki.”

“Si wangu. Ni wako.”

“Mimi na kuku wapi na wapi?”

“Nisikilize, mzee. Mimi naondoka. Usinikodolee macho, hata shemeji hapa anajua, ila adabu tu zinamziba mdomo. Nikiondoka nyumba hii itanyamaza, na wewe nakufahamu, utanyamaza nayo. Nataka nikuachie kitu cha kukupigia kelele asubuhi, kikutoe kitandani utake usitake.”

“Nitakutunzia mpaka upone. Ukipona, utawachukua mwenyewe.”

“Haya, jidanganye,” alisema kwa upole. “Ila wape maji kwanza. Wametoka safari, wana kiu. Maji ya uvuguvugu, na sukari kidogo. Chovya midomo yao mmojammoja, hawajui maji ni nini.”

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Mlango wa chumba uliachwa wazi, boksi likakaa sebuleni chini ya meza, na taa ya kuwapa joto kando yake, na mgonjwa akawa anafundisha kwa kusikiliza. Alijua kwa sauti tu. Wakilia kwa juu, kwa ncha, alisema, “Wana baridi, sogeza taa.” Wakinyamaza ghafla, alisema, “Umewachoma sasa. Angalia kama wametanua mabawa na kuachama.” Wakinong’ona ule mnong’ono wa chini, wa kuridhika, naye alifumba macho akapumzika.

Siku moja aliinua kichwa. “Mzee, kuna kitu kinateleza huko.”

Pasi alichungulia. Kifaranga mmoja alikuwa amelala kifudifudi, mguu huu mashariki, mguu ule magharibi, anajaribu kusimama na kuanguka tena.

“Umewatandikia nini?”

“Shuka safi.”

“Safi vipi?”

“Nimelitia wanga, nikalipiga pasi.”

“Shemeji, umesikia?” Alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu. “Baba wee! Unapokea vifaranga au maaskofu? Miguu yao bado laini, sakafu ikiteleza inapanuka. Toa hilo shuka lako, weka gunia. Huyo mfunge miguu kwa uzi wa kitambaa, usikaze, uache nafasi ya kidole kati ya mguu na mguu, atasimama mwenyewe.”

Pasi alikata kitambaa kwa mkasi, akafunga kwa ustadi ule aliowafungia vifungo mapadri, na baada ya siku chache kifaranga yule alikuwa akikimbizana na wenzake. Kicheko kile kilikuwa cha mwisho nilichosikia kwake.

Msiba wa kwanza uliletwa na usafi. Asubuhi moja mgonjwa akiwa amelala kwa nguvu ya dawa, Pasi aligundua kwamba vifaranga kadhaa walikuwa na kinyesi kilichoganda nyuma, kikavu kama gundi, kimeziba njia. Mfugaji yeyote angemwambia kwamba jambo hilo huwapata vifaranga waliochoshwa na safari. Lakini Pasi hakuwa mfugaji. Alikuwa dobi, na alichokiona ni doa. Alichota maji beseni zima, akakoroga sabuni, akawafua. Sitafuti neno lingine, maana ndivyo ilivyokuwa: aliwachovya wote, wagonjwa na wazima, akawasugua kwa kidole gumba, akawasuuza kwa maji mawili, kisha akawaanika uani juu ya taulo, upepo ukivuma.

Walikuwa safi sana. Kabla ya adhuhuri walianza kutetemeka na kulaliana, walio chini wakikandamizwa na walio juu, na alipowarudisha kwenye taa alikuwa amekwisha kuchelewa. Nilimwona akija kwenye ua wangu na kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe kwa pembe.

“Ndugu yangu,” alisema, “nimewaua.”

“Wote?”

“Zaidi ya nusu. Tafadhali, yeye asijue.”

Tukawazika nyuma ya choo changu. Tuliporudi, mgonjwa alikuwa macho.

“Mbona wamepungua?”

“Wamelala,” Pasi alijibu.

“Mzee, tangu tuoane hujapata kunidanganya ukafaulu. Wamelia sauti ya baridi, nimeisikia usingizini nikashindwa kuamka. Umewafanya nini?”

Alimweleza, amesimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu, beseni, sabuni na upepo. Mimi nilitazama sakafu. Nilidhani mama yule angelia, au angalau angemfokea kidogo, ajipunguzie uchungu. Hakufanya hivyo. Alifunua blanketi.

“Nileteeni waliobaki.”

Tuliwaweka juu ya tumbo lake lililovimba, naye akawafunika. “Homa hii imekuwa ikinichoma bure,” alisema. “Acha iwafae hawa.” Tulisubiri, sote watatu, mpaka chini ya blanketi ukaanza mnong’ono.

Kisha aliitisha bakuli la maji ya uvuguvugu na kipande cha pamba. Alimtoa mmoja ambaye bado alikuwa na kinyesi kilichoganda, akamgeuza kiganjani kwa vidole visivyokuwa na nguvu tena.

“Tazama. Lowesha pamba, weka juu, subiri. Usivute. Ukivuta unamchuna ngozi. Subiri kilainike, kitatoka chenyewe. Haya, sasa futa. Sasa kausha, kausha kabisa, mpaka manyoya yasimame. Halafu tone la mafuta.” Akampa Pasi wa pili. “Wewe.”

Pasi aliweka pamba, akasubiri kidogo, kidole kikaanza kuvuta.

“Subiri, nimekwambia! Hili si doa, mume wangu. Huyu anaumia.”

“Naona aibu,” Pasi alisema.

“Aibu baadaye. Subiri kwanza.”

Alimfanyisha hivyo kwa kila mmoja, na alipomaliza alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kumeza maji. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, nami nilielewa kwamba alikuwa ameona alichotaka kukiona.

Alifariki Jumapili moja, wakati kengele ya misa ya pili ilipokuwa ikilia. Nyumba ikajaa watu. Watu wa msiba ni watu wema, lakini hawaangalii chini ya meza. Boksi lilisukumwa pembeni, maji yakamwagika ndani yake, maranda yaliyokwisha kuchukua nafasi ya gunia yakalowa yakanuka, na watoto wa wageni wakapokezana vifaranga mikononi. Pasi alikaa kitini akishikwa mkono na kila aingiaye, na sidhani kama alijua ni siku gani.

Wageni walipotawanyika, aliinama akawaona. Walikuwa wamejikunyata, mabawa yameshuka, macho yamefumba, na kinyesi chao kina damu. Hakuja kulia kwangu safari hii. Alikwenda moja kwa moja kwa bwana mifugo, akarudi na dawa ya kuhara damu ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Alitoa maranda yote akayachoma, akaanika boksi juani likakauka, akamwaga maranda mapya makavu. Waliozidiwa aliwatenga. Wasioweza kunywa wenyewe aliwadondoshea dawa pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, akisubiri kila mmoja ameze ndipo aongeze. Nilimsaidia kushika taa. Hakukosea hata kitu kimoja. Watatu walikufa, wengine waliinua vichwa, wakajinyoosha mabawa, wakadai chakula.

Asubuhi iliyofuata niliwasikia kutoka kwangu, wanalia kwa nguvu, sauti ya afya tupu. Nikasema moyoni, mama yule ameshinda. Nilivuka ua nimpongeze.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha chumbani, kando ya kitanda kilichotandikwa, ameziba masikio kwa viganja.

“Wamepona!” nilimwambia. “Unawasikia?”

“Nawasikia.”

“Si ndivyo alivyotaka?”

“Ndivyo.” Alishusha mikono. “Lakini kila wakilia, nasubiri aulize wana nini. Nasubiri, ndugu yangu. Na safari hii jibu ninalo.”

Nimesoma Maandiko tangu utotoni, na siku hiyo sikupata mstari wa kumpa.

Jioni aliniletea boksi. Alinieleza kila kitu bila haraka, habari ya taa, ya maji, ya pamba na ya kusubiri. Nilimsihi abaki nao japo wawili. Alitikisa kichwa. Alisema alijaribu kumtii mkewe, na kwamba akikutana naye mbele ya Mungu atamwomba radhi.

Wamekua sasa, mitetea mizuri yenye kupiga kelele kupita kiasi, nao hutaga kwenye kibanda changu upande wa mbali na ukuta wake. Nilikijenga huko makusudi. Humpelekea mayai. Huyapokea mlangoni kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote za misheni, na huuliza neno lilelile, “Hawajambo?” Nami humjibu kwamba hawajambo. Hunishukuru, kisha hufunga mlango taratibu.