Udi kwenye Gari la Baba

Gari la marehemu baba lina umri kunishinda, na mwaka huu likaanza kunuka petroli kila nikilipitisha Ndia Kuu. Fundi ningempata Shimanzi siku hiyo hiyo, lakini mimi nilimwambia mama aongeze udi. Kila Ijumaa kabla sijaenda msikitini yeye hulifukiza, kama enzi za baba: huweka chetezo chenye makaa ya moto nyuma ya kiti changu, akafunga milango. Harufu ya petroli ikapotea. Nikaridhika, mjinga mimi.

Jumamosi iliyopita niliinua zulia la nyuma. Chini lilikuwa limelowa petroli. Shubiri moja tu kutoka hapo, kaa la moto lilikuwa limelitoboa tundu jeusi.

Mama sijamwambia. Bado ananiuliza nimekiweka wapi chetezo chake.