Ufukwe Wakati wa Misa ya Pili

Mwaka nilioolewa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, sikujua kuogelea. Nilikulia Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi, na maji niliyoyazoea yalikuwa ya ndoo. Mama mkwe wangu alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa hilohilo, na alinihurumia kama mtu asiyejua kusoma.

"Nitakufundisha," aliniambia. "Lakini hapana mbele ya watu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jumapili alasiri ufukwe ulijaa hadi mchanga hauonekani. Siku nyingine vijana walikaa juu ya ukuta wa ufukweni wakimcheka kila aliyeingia majini, na yeye, Mwislamu mwenye heshima zake, hakutaka kuonekana na kanga iliyolowa. Tulijaribu alfajiri, tukawakuta wavuvi wakishusha sambaza, dagaa wa ziwani. Tulijaribu adhuhuri, tukakuta wanafunzi.

Kisha Jumapili moja nilipita ufukweni nikitoka misa ya kwanza, ya pili ikiwa ndiyo inaanza. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia.

"Bon," alisema, akichukua kanga mbili. "Watu yote iko kanisani. Twende."

Ikawa ndiyo saa yetu. Alinishikilia tumbo kwa viganja, nami nikipiga miguu, nikimeza maji, nikikohoa.

"Usipigane na maji," alirudia kuniambia kila mara. "We lala tu. Mi niko hapa."

Jumapili moja mvua ilituchelewesha. Misa ilipokwisha nilikuwa bado nimeshikilia nguzo ya gati, maji shingoni, na watu wakaanza kuteremka na nguo zao za kanisani. Mama mkwe alikuwa mbele yangu kwenye kina, anaelea, kitambaa kichwani.

"Mama, wanakuja."

"Naona. Achilia hiyo nguzo, kuja."

Nikaachilia. Sikusikia tena sauti za watu, nilisikia pumzi zangu tu, na chini yangu hapakuwa na kitu cha kukanyaga, na sikuzama. Nilipomgusa bega na kugeuka, ufukwe ulikuwa umejaa. Vijana wa ukutani walikuwa wamesimama wakitutazama, hakuna aliyecheka. Mmoja akapiga makofi, na wengine wakamfuata.

Mama mkwe alikaza kitambaa chake, ametulia kama yuko sebuleni.

"Sasa turudi," alisema. "Polepole, waone muzuri."