Jina la Klara la Nyumbani

Mwezi ule wa ushairi ulimteka Klara, fundi cherehani wa Mkonze, kama uchumba uliomkuta ukubwani. Kikundi cha wapenda mashairi kilikuwa kimetangaza kwamba kila mwanachama ataandika ubeti mmoja kila siku, na kila Jumamosi watakutana ukumbini kule Chimwaga, chuo kikuu, kusomeana. Basi Klara hakuambilika tena. Alikata vitambaa midomo ikimcheza, vidole vikihesabu mizani, mpaka akashona kaptula ya shule yenye mfuko uliotazama chini.

"Mfuko huu utatunza nini?" mumewe, Methodi, akamuuliza.

"Vina," akajibu, wakacheka wote wawili.

Methodi hakuwa mtu wa mashairi, lakini chai ya asubuhi haikumshuka mpaka asomewe ubeti wa siku. Asiposomewa, alinuna.

Jambo moja tu lilimtatiza Klara. Yeye ni Msandawe wa Chemba, na alitaka kuandika juu ya jina lake la utotoni, alilopewa na mama yake. Jina hilo huanza kwa kidoko, ile sauti ya ulimi kubanduka ghafla kinywani. Huko shule ya bweni alikosoma walimcheka sana, na tangu hapo akawa Klara tu.

Jumamosi moja alimwuliza Ambokile, mwenyekiti wa kikundi, mtumishi wa wizara aliyehamia kutoka Tukuyu. "Kaka, kidoko kinahesabiwa mizani peke yake, au kinamezwa na silabi inayofuata?"

"Hapo umenikamata, dada yangu. Hebu litamke nisikie."

Klara akatazama wanafunzi wa chuo waliojaa ukumbini. "Siku nyingine," akasema.

Jumamosi ya mwisho ikamkuta na mgeni. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Chemba kutibiwa macho, na chupa ya asali mkobani. Klara alipomwambia apumzike nyumbani, mama akakataa. "Nikae nizungumze na cherehani? Twende wote."

Zamu yake ilipofika, Klara alipanda jukwaani akasoma:

*Mama alivyoniita, nikicheza korongoni,*
*Jina hilo sijapata, kulisikia mjini,*
*Ulimi ukijivuta, hugonga kaakaani,*
*Nami mbio hujikuta, nimefika mlangoni.*

Wakapiga makofi, isipokuwa mama yake.

"Na jina lenyewe liko wapi?" akauliza kutoka nyuma, kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Mama, halikuenea kwenye mstari."

"Halikuenea? Mimi nikiliita lilienea kijiji kizima!"

Kisha mama akasimama, akashika kiuno, akaliita jina lile kama alivyoliita jioni za zamani, kidoko kikapasuka ukumbini.

"Abee mama!" Klara akaitika. Alipozinduka, alikuwa ameshashuka jukwaani, yuko katikati ya viti, karatasi mkononi.

Ukumbi ukaangua kicheko. Klara akaisubiri ile aibu ya bwenini, lakini haikuja. Alimwona Ambokile akijifuta machozi kwa kucheka, na wanafunzi wakihangaika na ndimi zao, kila mmoja akijaribu kumwita. Mama yake akapita kiti kwa kiti akiwasahihisha. "Siyo hivyo, mwanangu, wewe unabusu. Gonga, halafu achia."

"Shikamoo, bibi. Sasa hapo ni mizani mingapi?" akauliza Frida, mwanafunzi mmoja.

"Marahaba. Mizani ndiyo nini?"

Wakabishana mpaka chai ikaletwa, na hata ilipokwisha kunywewa hapakuwa na muafaka. Ambokile alimwomba Klara ausome ubeti tena, safari hii jina likiwa ndani, hata kama litazidisha mizani. Klara akalitamka mwenyewe, kwa sauti.

Wakati wa kurudi, ndani ya bajaji, mama akauliza Jumamosi ijayo wataondoka saa ngapi.

"Mwezi wa ushairi umekwisha, mama."

"Nani kaumaliza? Hata sijasema langu!" Akajiweka sawa kwenye kiti, akaanza kutunga kwa Kisandawe juu ya mbuzi wa jirani yake anayemlia uwele wake, mbuzi asiyekuwa na haya wala shukrani. Klara alicheka hadi mbavu zikamuuma, huku akimtafsiria dereva mstari baada ya mstari. Dereva akapunguza mwendo, apate kusikia mbuzi yule aliishia wapi.