Mpishi Aliyevuliwa Tai na Mshindani Wake

Jua halijachomoza, na mpishi tayari amepiga magoti sakafuni. Haswali, anakagua mpira wa gesi. Anaupapasa kuanzia kwenye mtungi hadi kwenye jiko, anapaka maji ya sabuni kwenye maungio, kisha anakodoa macho aone kama yatatoa mapovu. Hayatoi. Anainuka, anajifuta mikono, ndipo anawasha moto.

"Sasa tunaweza kuulizana habari za asubuhi," anasema, na jikoni wote wanacheka.

Wenzake katika jiko hili la hospitali wanamwita Mwiko. Ni mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Anawapikia wagonjwa wasioweza kutafuna au wanaomeza kwa taabu: uji, supu zilizosagwa, viazi vilivyopondwa mpaka vikalainika kama pamba.

Sare yake haina tofauti na ya wenzake, isipokuwa kola. Yake iko wazi, vifungo viwili vya juu havijafungwa. Kutoka chini ya sikio la kushoto hadi kooni limelala kovu pana, linalong'aa, limekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Jina la Mwiko lina sababu mbili. Ya kwanza kila mtu anaielewa, kwani yeye ni mpishi. Ya pili ni jibu analompa yeyote anayemshauri avae kitu shingoni: "Hapo ndugu yangu umegusa mwiko wangu."

Miaka sita iliyopita alikuwa mpishi wa hoteli. Huko wapishi walivaa kitambaa cheupe shingoni, kimefungwa fundo kwa mbele, wapendeze machoni pa wageni. Mchana mmoja, katikati ya pilikapilika za chakula, mpira wa gesi ulichomoka. Moto uliruka ukadaka kile kitambaa.

"Moto ulikuwa moto, sikatai. Lakini kilichonitia wazimu ni lile fundo," anasimulia. "Navuta, haliachii. Navuta tena, ndiyo kwanza linakaza."

Aliyemwokoa ni dada mwosha vyombo, aliyemmwagia ndoo nzima ya maji. Mpaka leo hamtaji bila kusema, "Mungu ampe maisha marefu."

Alilazwa wiki tisa. Alipotoka, hoteli ilikuwa imekwisha kupata mpishi mwingine. Mwaka mzima na ushei alikaa nyumbani, huku mkewe, ambaye ni msusi, akiibeba nyumba kwa vidole vyake kumi: kodi, dawa, na ada za watoto wawili.

"Sikumwoa ili anilishe, lakini alinilisha," anasema Mwiko. "Na hakuna siku aliyoniwekea sahani kwa kishindo. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini."

Alijaribu kuomba kazi katika mikahawa miwili. Kote walimtazama usoni, macho yakateremka shingoni, yakabaki hukohuko. Kote waliahidi kumpigia simu.

Ndipo likatoka tangazo la hospitali. Walitaka mpishi mmoja. Mwiko aliitwa kwenye usaili, na nyumbani kukazuka mjadala ambao mpaka leo familia haijaumaliza: avae tai, asivae?

Baba mkwe wake ni karani mstaafu wa mahakama, mzee ambaye hata sokoni huenda na tai. Alifika mwenyewe jioni ya kuamkia usaili, akiwa na tai ya buluu aliyoikunja vizuri ndani ya gazeti.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mwanamume huingia kwenye usaili mara mbili. Kwanza zinaingia nguo zake, halafu anaingia yeye."

"Baba, anakwenda kupika, hakwendi kusoma hukumu," mkewe akaingilia.

"Hata mpishi ana mwajiri, na mwajiri ana macho."

"Basi hayo macho yatazame sahani!"

Mzee alimgeukia Mwiko, akasema kwa sauti ya chini: "Na hiyo shingo, baba? Kola ikifungwa na tai juu yake, hakuna atakayejua."

Mwiko alikumbuka yale macho yaliyoteremka na simu ambazo hazikulia. Akapokea tai, akamshukuru mzee kwa mikono miwili.

Asubuhi mkewe ndiye aliyemfunga. "Nilikuwa namtazama kwenye kioo," anasimulia mama huyo, huku akisuka kichwa cha mteja. "Kafumba macho, jasho linamtiririka. Nikamwambia, baba watoto, tuiache. Akasema, kaza."

Katika varanda ya ofisi za hospitali, watahiniwa walikuwa wamebanana kwenye benchi moja refu. Kila mmoja alikuwa na tai. Feni ya darini ilikuwa imekufa. Aliyeketi karibu na Mwiko alikuwa mtu wa miraba minne, mwoka mikate aliyekuwa akijaribu bahati yake kwenye upishi, na shingoni mwake ilining'inia tai nyekundu inayowaka.

"Hii ni ya harusi yangu," alimnong'oneza Mwiko. "Nimeivaa siku ya kuoa na leo, basi. Na siku zote mbili magoti hayakai."

Mwiko alitaka kucheka, cheko likakwama. Kola ilikuwa ikisugua kovu. Alipopeleka mkono kulegeza fundo alivuta upande usiofaa, na fundo likakaza.

"Palepale nikarudi hotelini," anasema. "Nasikia mpaka harufu. Naona watu midomo inacheza, sauti sizisikii."

Alisimama, akapepesuka. Mwokaji hakuuliza swali. Alimwinua kidevu kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapenyeza vidole ndani ya fundo, akalifungua taratibu, mithili ya mtu anayefungua gunia asilotaka kulichana. Akaikunja ile tai akaitia kwenye mfuko wa Mwiko, akamfungua na vifungo viwili.

"Vuta pumzi, ndugu yangu. Taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Kovu likawa wazi mbele ya benchi zima. Upande wa mlangoni mtu mmoja alicheka kwa pua, akasema, "Huyo keshajipunguza kwenye orodha."

Mwokaji alimtazama aliyecheka. Kisha akavua na yake nyekundu, akaitia mfukoni, akaketi.

"Haya," alimwambia Mwiko. "Sasa tuko wawili."

Leo ukimwuliza alikuwa akifikiria nini, mwokaji anapandisha mabega. "Sikufikiria. Mtu anazama, utamwuliza kwanza anagombea kazi gani?"

Mwiko aliingia shingo wazi. Mezani walikuwepo watatu, na wa katikati alikuwa msimamizi wa jiko, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Swali lake la kwanza halikuwa la mapishi.

"Mbona umekuja hivyo?"

Mwiko akaeleza yote: kitambaa, fundo, varanda. Alidhani amejimaliza.

"Na moto," mama akauliza, "bado unauogopa?"

"Naogopa, mama. Ndiyo maana siwashi jiko kabla sijakagua mpira."

Wiki iliyofuata simu ililia. Mwiko alipata kazi. Mshahara ulikuwa pungufu ya ule wa hotelini, lakini mkewe alipokea habari kwa kigelegele kilichowatoa majirani nje. Baba mkwe naye alikuja kumpongeza. Alisikiliza kisa chote, akaguna, akasema, "Basi umebahatisha. Mwingine asijaribu."

Hata hivyo furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Nafasi ilikuwa moja. Mwezi wa pili kazini, Mwiko alijikaza akamwendea msimamizi akamwuliza: yule mwokaji, je, aliikosa kazi kwa sababu ya tai?

Msimamizi, ambaye bado anaongoza jiko hilo, anakumbuka jibu lake. "Nilimwambia ukweli. Mwokaji alikuwa wa pili, kwa tofauti ndogo sana. Mwenzetu mmoja mezani aliwakata alama wote wawili walioingia bila tai. Naye alikuwa na hoja yake: mtu akijipamba kwa ajili yako amekuheshimu. Mimi nilikuwa natafuta mpishi, sikujali. Lakini siwezi kuapa kwamba alama zile hazikumgharimu mwokaji."

Kuanzia hapo Mwiko akawa na deni lisilolipika kwa fedha. Siku za mapumziko alizunguka mitaani, akiingia kila duka la mikate na kuulizia mtu wa miraba minne. Jina lake hakulijua. Wauzaji walimwona kama aliyepungukiwa akili, kwa sababu aliuliza na kuondoka bila kununua. Mwishowe akaanza kununua. "Watoto walikula mikate mpaka wakaomba msamaha," anasema mkewe.

Alimpata siku ambayo hakuwa akimtafuta. Asubuhi moja, zaidi ya mwaka baadaye, gari la mikate liliingia uani mwa hospitali, na aliyeshuka na kreti begani alikuwa yeye. Alikuwa kibarua wa kupakua.

"Mwiko alinikumbatia na kreti langu," mwokaji anasema. "Mikate yote chini! Nikadhani ni mwizi."

Mwiko alimweleza lililomsumbua. Kwamba huenda ile kazi ilikuwa ya mwokaji. Kwamba aliipoteza kwa kumsaidia mtu asiyemjua. Mwokaji alimsikiliza mpaka mwisho huku akiokota mikate.

"Sasa ulitaka nikuache ufe ili mimi nipike supu?" akauliza. Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi dereva akapiga honi.

Mwaka jana hospitali ilipojenga tanuri lake na kutangaza nafasi ya mwokaji, Mwiko alimpelekea rafiki yake habari siku hiyohiyo, kisha akamwomba msimamizi asimhusishe kwa lolote katika uamuzi. Mwokaji alifika kwenye usaili akiwa na ile tai nyekundu. "Mke wangu anaipenda," alisema, na hakuna aliyembishia. Alioka mikate mbele yao. Kazi akapata kwa mikono yake.

Sasa wanafanya kazi ukuta kwa ukuta. Vijana wanaotafuta ajira humwuliza Mwiko kama ni lazima mwanamume avae tai kwenye usaili, kwa kuwa kisa chake kimeenea. Jibu lake huwa fupi.

"Kama unapumua nayo, vaa, inapendeza. Kama inakukaba, vua, na ukiulizwa sema kweli. Ila ukimwona mwenzako anakabwa, hilo la kwako lisubiri kwanza."

Akizungumzia yaliyompata, halalamiki. Anawataja mmoja mmoja: mwosha vyombo, mkewe, mwokaji, msimamizi, hata baba mkwe. "Mzee alinipa kitu chake cha thamani ili nisidharauliwe. Kwamba kilinikaba si kosa lake."

Analotamani sasa ni jambo jingine. Ameona wagonjwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani, kisha wakirudi wamekonda kwa sababu huko hakuna anayejua kuwapikia. Ameomba atumie chumba cha kulia cha wafanyakazi kila Jumamosi mchana awafundishe ndugu zao, bila malipo, na amekubaliwa. Mwokaji atafundisha mikate laini. Somo la kwanza ni Jumamosi ijayo.

Tunapoagana, muuguzi anachungulia mlangoni. Kuna mzee wodini, anasema, ambaye mkewe mgonjwa ataruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa. Anataka kujiandikisha, ila anaona haya. Katika maisha yake yote hajawahi hata kuchemsha maji.

Mwiko anaweka kifuniko juu ya sufuria, anajifuta mikono.

"Mwambie aje," anasema. "Tutaanza na maji."